Simu Zilizoachwa kwa Nawoi

Nawoi alichomoa simu ya themanini na moja kwenye waya, akaandika neno BARAKA, akalituma kwa namba ya tarakimu tano iliyokuwa kwenye bango la mlangoni, kisha akairudisha simu kwenye waya na kutia alama daftarini. Simu ya themanini na mbili ilikuwa na kibonyezo cha tano kilichong'oka, ikambidi atumie kijiti. Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumanne, mwishoni mwa Novemba, na bati la kibanda lilikuwa limekwisha kupata moto.

Kibanda kilikuwa sokoni Kakuma, upande wa mji, karibu na barabara iendayo kambi ya wakimbizi. Nawoi alichaji simu za watu kwa shilingi ishirini. Kila simu aliibandika kipande cha plasta chenye namba, na namba hiyo akaiandika daftarini pamoja na jina la mwenyewe. Simu hazikuzimwa. Hapo ndipo alipokuwa tofauti na wachajishaji wengine: simu ikilia aliipokea, akasema mwenyewe yuko kliniki au kwenye mgao wa chakula, atarudi saa kumi. Jioni mwenye simu akija, kama hajui kusoma, Nawoi alimsomea ujumbe wote ulioingia. Kwa sababu hiyo watu walivipita vibanda vya shilingi kumi na tano wakaja kwake.

Kijana aliyeleta bango alikuwa amekaa juu ya mtungi wa maji, akimhesabia. Aliitwa Ekai, Mturkana wa Lodwar, amevaa fulana nyeupe yenye jina la kampuni kifuani. Alikuwa amemweleza mara mbili, kwa subira, kwamba huduma ya Baraka itawaletea watu habari ya siku za mgao, bei ya mbuzi na mvua. Kujiunga ni bure; maneno hayo yalikuwa kwenye bango kwa herufi kubwa. Kila namba atakayoiunga, kampuni itampa Nawoi shilingi ishirini.

Wengine aliwauliza walipokuwa wakiacha simu zao. Mzee Lomunokol, mwenye mbuzi zake Kalobeyei, alikubali hata kabla maelezo hayajaisha. "Kama kampuni inajua bei ya mbuzi, iniambie," alisema. "Wachuuzi hawaniambii." Wengine hakuwauliza. Walikuwa wamekwisha kwenda kwenye foleni zao, na simu zao zilikuwa mkononi mwake, kama kila siku.

Simu ya mia moja na kumi na mbili ilikuwa ya Adhieu, mwanamke wa Bor, Sudan Kusini, aliyeishi kambini na wanawe wawili. Adhieu hakujua kusoma, na kila alipoiacha simu hiyo alisema neno lilelile: kredo iliyo ndani isiguswe, ni ya kumpigia Makuei, mdogo wake aliyebaki Bor. Juzi tu alikuwa ameongeza shilingi mia mbili, pesa ya kusuka nywele za watu wiki tatu. Nawoi aliishika simu ile muda kidogo.

"Hiyo je?" Ekai aliuliza.

"Mwenyewe hataki kredo yake iguswe."

"Mama, nani anagusa kredo? Ni bure. Soma mwenyewe."

Nawoi akatazama bango. Akaandika neno, akatuma.

Alasiri zilifika simu mia na arobaini na tatu. Ekai alimlipa shilingi elfu mbili mia nane na sitini, noti na sarafu, akamshika mkono kwa heshima na kuondoka. Kesho yake Nawoi alizichanganya na akiba yake akanunua betri ya lori iliyotumika. Betri yake ya zamani ilikuwa ikiishiwa nguvu saa tisa, na watu walirudi kuchukua simu nusu tupu na kulipa nusu. Lokuruka, mumewe, mpakuzi wa magunia kwenye ghala la chakula, aliibeba begani kutoka gereji, akasema sasa mke wake ni tajiri kuliko yeye.

Ujumbe ulianza kuingia siku hiyohiyo. Haukuwa wa mgao wala wa mbuzi. Mmoja uliuliza ni mchezaji gani aliyefunga mabao mengi Ulaya. Mwingine ulieleza namna ya kumfanya mpenzi akukumbuke. Nawoi alimsomea Mzee Lomunokol wa kwake: nyota yake ni Mizani, aepuke safari leo, bahati yake iko nyumbani.

"Nani amesema hivyo?"

"Kampuni, mzee."

"Kampuni inajua mbuzi zangu wako wapi?"

Watu waliokuwa kibandani walicheka, na Lomunokol akacheka nao. Lakini hakwenda Kalobeyei siku hiyo. Alisema si vizuri kudharau jambo ambalo mtu amejisumbua kulituma.

Wiki ya pili vicheko viliisha. Watu walianza kurudi wakisema salio linapungua bila wao kupiga simu. Mtu anaweka hamsini, kesho ana thelathini, na hakuongea na yeyote. Walifikiri, wakaona kwamba simu haiachwi popote ila kwa Nawoi. Mwanamke mmoja mwuza kuni alisimama mlangoni, watu wakisikia, akauliza kwa sauti tamu: "Mke wa Lokuruka, huyo unayeongea naye kwa simu zetu, anakaa wapi?" Nawoi aliichukua simu ya mwuza kuni. Alifungua orodha ya simu zilizopigwa, akamwonyesha mwanamke yule kwamba hakuna namba ngeni. Mwanamke alisema hizo zinafutika, hata watoto wanajua.

Lokuruka alisikia maneno hayo ghalani kabla ya kuyasikia nyumbani. Wenzake walimwuliza kama na yeye analipia simu akitaka kuongea na mkewe. Alikuja jioni, akala, akanawa mikono, ndipo akamwuliza Nawoi mara moja tu kama aligusa salio la watu. Nawoi akasema hapana. Lokuruka hakurudia swali hilo. Hata hivyo kufikia katikati ya Desemba simu zilizoletwa kwa siku zilikuwa zimepungua hadi sabini, na betri mpya ilibaki na nguvu nyingi mpaka jua linatua.

Vita vilikuwa vimezuka Juba siku ya Jumapili. Kambini watu walikaa vikundi vikundi karibu na redio. Jumatano mchana simu ya Adhieu ikalia mara moja, ikanyamaza. Ikalia tena, ikanyamaza. Ilikuwa namba ya Makuei. Ndivyo walivyozoea: yeye hubipu, dada yake humpigia, kwa maana huko Bor kredo ilikuwa ya shida. Adhieu akatoka kwenye kelele za watoto, akabonyeza namba. Sauti ya mwanamke ikamwambia kwa Kiswahili safi kwamba salio lake halitoshi.

Alijua kuna mia mbili. Akabonyeza tena, akaambiwa vilevile. Simu ikalia mara ya tatu, akawahi kuipokea, akasikia kelele na jina lake, kisha ikakatika.

Alikimbia dukani kuomba kadi ya mia kwa mkopo. Mwenye duka alisema kwamba wiki hii kila mtu anataka kupiga Sudan, akikopesha mmoja atakopesha kambi nzima. Aliyasema bila ubaya, huku akimhudumia mwingine. Adhieu akarudi nyumbani, akachukua unga wa mahindi wa mgao, akaupeleka sokoni. Mnunuzi akaona anavyohema, akapunguza bei. Aliuza bakuli kumi kwa shilingi themanini. Akanunua kadi za pesa hiyo yote, akamwomba msichana azikwaruze na kumwingizia. Papo hapo ujumbe uliingia, na themanini ikawa sabini. Hakujua. Alimpigia Makuei. Simu ya Makuei haikupatikana.

Alipiga mpaka giza likaingia. Haikupatikana.

Asubuhi alifika kibandani kabla Nawoi hajamaliza kutandaza waya. Hawakusalimiana. Adhieu aliiweka simu mezani, akamwita Nawoi kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Mama Akai, fungua hapa. Niambie kredo yangu ilienda wapi."

Nawoi alifungua ujumbe ulioingia. Ulikuwa ishirini na mmoja kutoka Baraka, ishirini kabla ya jana na mmoja wa jana. Akaanza kuusoma kwa sauti, kama alivyozoea, mapenzi na mpira na nyota, na kwenye wa nne akaiweka simu chini. Alichukua kalamu. Mia mbili, toa kumi mara ishirini. Akatazama bango. Aliyelibandika alikuwa Ekai mwenyewe, na chini kabisa alikuwa amepigilia ubao mwembamba upepo usiling'oe. Nawoi akauvuta ule ubao kwa mikono miwili mpaka ukatoka na misumari yake. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza, herufi ndogo kama sisimizi. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, nacho kilitosha. Kila ujumbe, shilingi kumi.

"Ni kampuni," alisema. "Kila ujumbe wanakata kumi. Watu wote, si wewe peke yako."

"Kampuni ilipata wapi namba yangu?"

Nawoi akafungua ujumbe uliotumwa. Kulikuwa na mmoja tu, kwa kuwa Adhieu hakujua kuandika. BARAKA, Jumanne ile, saa tano kasoro dakika nane.

"Lazima mtu atume neno kwanza," Nawoi alisema.

"Nani alituma?"

"Mimi."

Nje punda alipita na mitungi ya maji, mwenyewe akimtukana kwa Kiturkana.

"Nilikuambia usiguse," Adhieu alisema. "Kila siku nilikuambia. Sikukuambia kitu kingine."

"Uliniambia."

"Walikupa ngapi?"

"Ishirini."

Adhieu alichukua simu yake, akaifunga kwenye pembe ya kanga. "Halas, imekwisha," alisema, na akaondoka.

Jioni ile Nawoi alimweleza mumewe yote. Lokuruka aliomba ruhusa ya siku moja isiyo na malipo, akaenda Lodwar na lori la ghala. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani, na mfukoni alikuwa na bango limekunjwa mara nne.

Mji ulikuwa umejaa. Tangu serikali ya kaunti ianze, kila chumba kilikuwa kimekodishwa na kila nyumba ilikuwa na kibao. Ofisi ya kampuni ilikuwa nyuma ya duka la mabati, chumba kimoja chenye feni na kompyuta. Msichana aliyekuwemo alikuwa akiongea Kiingereza kwenye simu. Alimwonyesha Lokuruka kiti kwa mkono, akaendelea. Iliisha simu ya kwanza, ikaja ya pili. Lokuruka alikaa karibu saa nzima, magoti yakiwa pamoja, akiogopa kuchafua sakafu kwa viatu vyake.

Msichana hakuwa mtu mbaya. Alimpa chupa ya maji. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua kompyuta, akaigeuza ili Lokuruka aone.

"Mzee, hawa wote walijiunga wenyewe. Mashine inaonyesha. Kila mtu alituma neno kwa simu yake."

"Alituma mke wangu."

"Mashine haiwezi kujua hivyo. Inajua namba tu."

Lokuruka alisogea. Alikuwa msomaji wa polepole, lakini saa alizijua. Alifuata mistari kwa kidole bila kugusa kioo. Saa mbili na nusu mpaka saa nane na dakika kumi. Namba mia na arobaini na tatu, moja baada ya nyingine.

"Binti," alisema, "watu mia na arobaini na tatu wa Kakuma, siku moja, wamefuatana hivi kama mbuzi wanaoingia boma. Hamkujiuliza?"

Msichana akatabasamu, kwa maana alidhani anasifiwa. "Tuliona. Kakuma mlifanya vizuri sana. Nairobi walifurahi."

Lokuruka aliiweka chupa ya maji chini. Aliuliza pesa za watu zitarudi lini. Msichana alisema pesa haziji Lodwar, zinaingia Nairobi moja kwa moja, nyingine zinabaki kwa wenye mtandao, na mtu akitaka kulalamika kuna namba ya kupiga. Akamwandikia kwenye karatasi. Lokuruka aliipiga namba hiyo pale nje, akaambiwa achague lugha, akapigiwa muziki, na shilingi ishirini na sita zikaisha kabla mtu hajajibu.

Lokuruka alimkuta Ekai nyuma ya nyumba ya wageni, anaosha gari la mtu. Fulana ya kampuni alikuwa ameivaa ndani nje. Lokuruka alimkamata ukosi wa fulana, na Ekai hakujitetea. Alisema aliahidiwa thelathini kwa kila namba, akatoa ishirini mfukoni mwake mwenyewe, pesa ya dada yake, na mpaka leo kampuni haijamrudishia hata senti.

"Ubao nao?" Lokuruka aliuliza. "Ule ubao uliambiwa upigilie pale?"

Ekai alitazama sabuni mikononi mwake. "Walitufundisha. Walisema upepo wa huku ni mkali."

Lokuruka alikuwa mtu wa kubeba gunia la kilo hamsini kwa mkono mmoja. Alimshikilia kijana muda mrefu, kisha akamwachia. Akauliza jinsi ya kuzima. Ekai akamweleza yote, sasa akiwa na haraka ya kusaidia. Unatuma STOP kwa namba ileile. Lakini kutuma STOP ni shilingi tano, na simu isiyo na salio haiwezi kutuma. Ukiweka kadi ya kumi, ujumbe unaosubiri unaichukua kabla hujaandika herufi ya kwanza.

"Kwa hiyo ni ngapi?"

"Weka ya ishirini, mzee. Kumi wachukue, uwahi kutuma na iliyobaki."

"Ishirini," Lokuruka alisema. Alikuwa na sauti ya chini siku zote, na hapo ilishuka zaidi. "Mlitupa ishirini kuingiza. Sasa tulete ishirini kutoka."

Fundi wa gereji aliichukua betri ya lori kwa elfu mbili mia mbili, elfu moja na mia tatu chini ya bei waliyoinunulia, akasema imechoka. Lokuruka aliirudisha begani njia ileile, na wapakuzi wenzake walimwona. Nawoi alinunua kadi za ishirini mia moja na kumi. Jumatatu, siku mbili kabla ya Krismasi, alimtuma mtu msikitini na mwingine makanisani waseme: aliyeacha simu kwa Nawoi Jumanne ile, aje, azimiwe bure, na aambiwe ni kwa nini.

Walikuja zaidi kusikia kuliko kuzimiwa. Ilimbidi aseme maneno yale kila kundi lilipofika: mimi ndiye niliyetuma, nililipwa ishirini kwa kila mmoja wenu, ubao ulificha bei, sikuuliza. Aliyasema amesimama. Mwuza kuni alisikiliza, akasema, "Heri ungekuwa na mwanamume wa nje. Tungejua la kufanya." Mzee Lomunokol alitoa simu yake bila lawama. Ila alitaka kujua kama ile siku ya bahati nyumbani nayo alilipia. Nawoi akamwambia alilipia. Mzee alitikisa kichwa kwa muda. Alisema siku ile fisi alikuwa amemchukulia mbuzi wawili.

Kazi ilikwenda polepole. Kukwaruza kadi, kuingiza tarakimu kumi na sita, kungoja kumi iondoke, kuandika STOP, kungoja jibu. Mtandao ulikuwa mzito kwa sababu ya sikukuu na kwa sababu kambi nzima ilikuwa ikipiga Sudan. Simu nyingine zilihitaji kadi mbili. Kufikia saa tisa alikuwa ametia alama thelathini na nane, na kidole gumba kilikuwa cheusi kwa vumbi la kadi.

Adhieu alikuja wa mwisho. Alikuwa amenyoa nywele, kama mfiwa. Nawoi akaogopa kuuliza, lakini Adhieu akasema mwenyewe: hajapata habari, si mbaya wala nzuri. Watu wanasema wa Bor walivuka mto, wengine wanasema hawakuvuka. Alinyoa kwa sababu hakuweza kukaa bila kufanya kitu.

"Leta nizime," Nawoi alisema, akanyoosha mkono.

Adhieu hakumpa. Aliishika simu mwenyewe, akaisogeza mezani vidole vikiwa bado juu yake. "Niambie pa kubonyeza."

Nawoi akamwambia. Hapa. Tena hapa, mara nne. Sasa hii. Adhieu alibonyeza kwa nguvu, kama anavunja njugu. Ilichukua muda mrefu kuliko zote. Jibu lilipoingia, Nawoi akamsomea: ameondolewa, akitaka kurudi atume BARAKA. Adhieu akauliza kama kujibu huko nako wamekata. Nawoi akatazama. Walikuwa wamekata.

Kisha Adhieu aliomba waya wa chaji, akachomeka simu, akakaa juu ya mtungi wa maji, simu imo mapajani, waya umenyooka kutoka ukutani mpaka kwake.

"Unaweza kuiacha," Nawoi alisema, na papo hapo akajua hakupaswa kusema hivyo.

"Nitakaa nayo."

Wakakaa. Saa kumi na moja kasoro, simu ikatoa mlio wa ujumbe. Adhieu akainuka mara moja, waya ukachomoka, akaiweka mbele ya uso wa Nawoi bila kuiachia.

"Soma."

Nawoi aliusoma kimoyomoyo kwanza, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja. Namba ya mtumaji ilikuwa ya tarakimu tano, lakini haikuwa ile ya Baraka. Ilikuwa nyingine.

"Soma, mama Akai."

"Inasema mteja wetu mpendwa," Nawoi alisema. "Umechaguliwa. Krismasi hii unaweza kushinda gari."

Adhieu akangoja kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Simu za watu zilizoachwa mezani nazo zikaanza kulia, moja, kisha tatu pamoja, hata zile zenye alama daftarini. Nawoi aliichukua ya Mzee Lomunokol, akaangalia salio, akakuta kumi aliyoweka mzee mwenyewe baada ya kuzimiwa haipo.

Alifungua daftari ukurasa mpya. Juu kabisa akaiandika namba ile mpya ya tarakimu tano, na chini yake akaanza kunakili majina ya kuzimiwa tena, tangu la kwanza. Alifika la kumi na sita, mwanga ukapungua. Akahesabu kadi zilizobaki, akazifunga kwa mpira, akamwambia Adhieu kwamba kesho atafungua saa kumi na mbili.

"Nitakuwa hapa," Adhieu alisema. Akaichomeka simu yake tena, akaketi.